Bonanza la sefingi Coco Beach: je, mashindano na matangazo ndo yanajaza watu kwenye mawimbi?

Swali limetoka kwa kijana wa miaka 24 anayekaa Msasani, naliweka kwa kifupi:

"Shikamoo mwalimu. Tupo vijana kama 15 tunateleza juu ya mawimbi kwa bodi pale Coco Beach, mara mojamoja tunavuka Kigamboni. Kuna kampuni ya vinywaji imetufuata, wanataka kufanya bonanza la sefingi, walete mtelezaji wa kulipwa kutoka nje, warushe droni, tangazo litoke kwenye TV na mitandaoni. Nusu yetu wanasema tumetoka kimaisha, nusu wanasema baada ya hapo watu watajaa mpaka sisi wenyewe tukose mawimbi. Kweli haya mambo ya mashindano na matangazo ndo yanajaza watu baharini? Na hawa jamaa tuwaambieje?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimekaa nalo siku mbili kwa sababu nusu zote mbili za kundi lako zina ukweli, ila kila nusu imeshika kipande chake.

Anza na hesabu ya wimbi lenyewe. Wimbi ni kama bomba la maji la mtaa, linatoa kiasi chake na halijui foleni imefika wapi. Tuseme siku nzuri ya kusi yanakuja mawimbi manne ya kupandika kila dakika 10, hiyo ni 24 kwa saa. Mkiwa 12 kila mtu anapata mawili kwa saa, mnarudi nyumbani mmechoka vizuri. Wakija 60, na kila wimbi ni la mtu mmoja, ina maana kila mtu anapata wimbi moja kwa saa mbili na nusu, na hapo nimehesabu kama vile watu wanagawana sawa wakati sote tunajua hawagawani sawa, kuna wawili watatu wenye bodi ndefu na kifua watachukua nusu. Na Coco unaijua, bamvua maji yanapanda na kushuka mita 3 na ushee, hizo saa mbili na nusu ndo karibu muda wote ulionao kabla mwamba haujaanza kutoa kichwa. Kwa hiyo wenzako wanaoogopa siyo wachoyo, wameiona hesabu.

Sasa nani anawaleta watu na ndoo zao bombani? Hapa ndo wengi wanakosea, wanamlaumu bingwa aliyepo kwenye bango.

Angalia Malibu kule California. Mwaka 1959 Hollywood walitoa filamu ya binti mdogo anayejifunza kuteleza pale, ikapendwa sana, na ndani ya miaka michache wimbi moja la Malibu lilikuwa linapandwa na watu watano sita kwa pamoja, wanagongana tu. Ligi ya dunia ya watelezaji wa kulipwa ilikuja kuanza 1976. Yaani Malibu ilijaa miaka kumi na kitu kabla ligi haijakuwepo! Ila usiibebeshe filamu mzigo wote, maana miaka hiyohiyo mbao nzito zilikuwa zinaachwa, zinaingia bodi za povu, nyepesi, binti anaibeba mwenyewe mpaka majini, na Malibu ipo pembeni kabisa ya barabara kubwa inayotoka Los Angeles. Filamu ilileta hamu, bodi nyepesi na barabara ndo zikamfikisha mwenye hamu majini.

Halafu ikaja kamba ya mguuni, mwanzoni mwa miaka ya 70. Nyie mmezaliwa mmeikuta mnaiona kitu cha kawaida, lakini ile kamba imejaza bahari kuliko bingwa yeyote. Kabla yake ukianguka bodi inakwenda zake mpaka ufukweni, unaogelea kuifuata, kwa hiyo asiye muogeleaji alikuwa anajitoa mwenyewe baada ya mara mbili tatu. Kamba ikaondoa huo mchujo. Ongeza nguo za mpira za kuzuia baridi, watu wa nchi za baridi wakawa wanaingia majini mwaka mzima. Ongeza kamera za ufukweni na utabiri wa mawimbi, kampuni ya Surfline ilianza California 1985 kwa kupigiwa simu tu, unalipia unaambiwa wimbi likoje, leo mtu anaangalia kwenye simu akiwa kitandani. Zamani uliyeamka alfajiri ukaenda kuangalia mwenyewe ndo ulipata zawadi ya kuamka, siku hizi wote wanajua saa ileile. Ongeza bodi za sponji za kama dola 100 zilizokuwa zinauzwa kwenye maduka makubwa Marekani karibu na maziwa na mikate. Hakuna bingwa hata mmoja kwenye hiyo orodha.

Kuna ushahidi mwingine naupenda zaidi, mwaka 2020. Corona ikaingia, msimu mzima wa ligi ya dunia ukafutwa, hakuna mashindano, hakuna bingwa, na bado sehemu nyingi za California, Uingereza na Australia maji yalijaa watu kuliko walivyozoea, kwa sababu watu hawaendi ofisini, gym zimefungwa, bahari ipo wazi na bodi zinauzika hadi zinaisha madukani. Ligi imelala, maji yanafurika.

Kwa hiyo nusu inayosema matangazo hayana shida imeshinda? Hapana, subiri.

Kitu ambacho mashindano na matangazo yanafanya kweli, tena kwa nguvu, ni kuchagua watu waende WAPI. Hamu ya jumla inaweza ikatawanyika pwani nzima, tangazo linaishika hiyo hamu linaielekeza kwenye sehemu moja yenye jina. Mwaka 2006 kampuni ya Rip Curl ilipeleka mashindano ya ligi sehemu inaitwa Barra de la Cruz, Oaxaca, Mexico, kijiji cha watu wa asili wa Chontal. Wakajua kwamba wakiitaja wataiharibu, wakaipa jina la uongo, "La Jolla". Lakini walirusha mashindano laivu kwenye intaneti, siku nzima dunia inaangalia wimbi refu linalokwenda upande wa kulia kama limechongwa, sasa jina la uongo litamficha nani? Watu walilijua muda si mrefu, na tangu hapo wageni wanakwenda. Droni hiyo wanayokuja nayo hao jamaa zenu ni hivyohivyo, hata msipoandika jina, mtu wa Dar akiona ule mwamba na yale majengo nyuma anajua ni wapi.

Kilichoisaidia Barra ni kwamba ardhi ni ya kijiji kwa pamoja. Kuna geti, mgeni analipa kidogo ndo anapita kwenda ufukweni, na pesa ni ya kijiji. Kwa Coco sisemi muweke geti, hapana kabisa, Coco ni ya umma na ibaki ya umma, mtu wa Tandale aliyeshuka kwenye daladala Jumapili kuja kula muhogo na watoto wake ana haki ileile uliyonayo wewe mwenye bodi. Nachotaka uone ni kwamba wale watu walikuwa na utaratibu, na mgeni akaukuta upo.

Snapper Rocks, Gold Coast ya Australia, ni mfano mwingine, huu nausema harakaharaka. Kuanzia 2001 mradi wa kuhamisha mchanga kutoka mdomo wa mto Tweed ulijaza mchanga pale, wimbi likawa refu ajabu, ligi ya dunia ikaweka mashindano yake palepale miaka na miaka. Siku wimbi likiwa zuri wanaingia mamia. Mchanga ulitengeneza wimbi, ligi ikalipa jina, lakini waliolijaza ni watu wa mji wenyewe wanaokaa pale jirani, siyo watalii peke yao.

Kuna na Nazaré, Ureno. Novemba 2011 mtelezaji Garrett McNamara alipanda wimbi lililopimwa futi 78, picha zikazunguka dunia nzima, na mji uliokuwa unaishi kwa uvuvi na watalii wa kiangazi ukawa unajaa wageni hata wakati wa baridi. Ila wamejaa wapi? Juu ya jabali kwenye ngome yenye mnara wa taa, na kwenye mahoteli wanakolala, na migahawani wanakula samaki. Kwenye maji yenyewe ni watu wachache wenye pikipiki za majini, kwa sababu lile wimbi linaua. Kwa hiyo kabla hujaogopa neno "watu watajaa" jiulize watajaa upande gani, mchangani au majini, maana hivyo ni vitu viwili. Mimi nilikaa Durban miaka mitatu nafanya kazi kwenye karakana ya kutengeneza bodi, nikawa nakwenda Jeffreys Bay, hukohuko Afrika Kusini, kwenye mashindano, na pale ukitembea mjini maduka yenye majina ya hizi kampuni za sefingi yamejaa watu wamebeba mifuko ya fulana na kofia, wengi wao miguu mikavu kabisa. Nilikuja kuelewa biashara yote pale. Hizi kampuni hazipati pesa kwa sisi wenye bodi, sisi ni wachache mno na ni wabahili, zinapata kwa yule anayetaka kuonekana kama sisi. Ndo maana tangazo linahitaji bingwa na wimbi zuri, halihitaji mnunuzi aingie majini. Quiksilver, kampuni ya nguo za sefingi, pamoja na ukubwa wote, 2015 ilikwenda mahakamani Marekani kuomba kinga ya kufilisika, na wala siku hiyo hakuna aliyetoka majini. Soko la fulana lina maisha yake na foleni ya mawimbi ina maisha yake.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndo jibu lenyewe lilipo.

Ukweli mchungu, mdogo wangu, hakuna mtelezaji wa dunia atakayefunga safari kuja Dar kwa sababu ya wimbi. Madagascar inatukinga na mawimbi mengi makubwa yanayotoka kusini, yetu mengi ni ya upepo, kusi likivuma tunapata, kaskazi tunapata kidogo, mafupi, yamevurugika, na nayapenda kwa moyo wangu wote lakini siyo Jeffreys Bay. Kwa hiyo hao mnaowaogopa, wazungu wenye bodi za gharama watakaokuja kuwanyang'anya, hawaji. Watakaokuja ni watu wa Dar. Ni kijana wa Sinza aliyeona tangazo, dada wa Mbezi na marafiki zake, watoto wa Kawe. Hawajui kuteleza, na wengi hawajui kuogelea.

Hofu yangu mimi ipo hapo. Miaka kadhaa nyuma kuna kampuni, siitaji, ilifanya bonanza upande wa Kigamboni. Walikuja na spika, mahema, fulana, wakapiga picha watoto wetu wakiwa juu ya bodi, wakaahidi wataacha bodi kumi na mafunzo. Jumatatu yake hawapo, bodi hazipo, simu haipokelewi. Lakini klipu ilishasambaa, na wiki zilizofuata wakawa wanakuja vijana wapya kwa makumi, wamekodi bodi za fiberglass za zamani kutoka kwa mtu, hakuna wa kuwafundisha, wanaingia palepale watoto wanapooga. Mtoto wa miaka tisa alipigwa na pezi la bodi juu ya jicho. Nilimbeba mimi kwenye bajaji, nyuzi saba, na bajaji nzima nilikuwa nawaza kwamba ingeshuka sentimita mbili tungekuwa tunaongea habari nyingine. Aliyekuwa na ile bodi wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa analia kuliko mtoto, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bodi haiachiwi mbele ya watu.

Paje nako, ingawa kule ni kaiti, yaani bodi inayovutwa na tiara, siyo sefingi, watu wa bodi wameongezeka wakakuta kina mama wa mwani wapo kwenye maji yaleyale ya ndani ya mwamba miaka mingi kabla yao. Pale mgogoro wa nafasi ni kitu kimezungumzwa sana. Coco hakuna mwani ila wapo wavuvi, wana ngalawa na nyavu, na wao hawahesabiwi kabisa mtu akianza kupanga mashindano. Mnawahesabu nyie?

Na kabla sijafika kwenye mkataba, niwaonye nusu nyingine ya kundi, wale wanaotaka kufukuza kila mgeni. Hiyo njia imejaribiwa. Lunada Bay, California, wenyeji walikuwa wanatisha watu kwa miaka mingi, mawe, matusi, magari yanaharibiwa, wakajijengea kabisa kibanda cha mawe ufukweni. Mwisho wa siku wakapelekwa mahakamani, kibanda kikabomolewa 2016. Walikuwa wanalinda wimbi, wakabaki na jina baya tu.

Cha kufuata ni kama watu wa Teahupo'o, Tahiti, kwenye Olimpiki ya 2024. Waandaaji walitaka kujenga mnara wa majaji wa aluminiamu juu ya tumbawe. Wakazi wakaandamana, wakaandika, wakasimama, mnara ukapunguzwa ukubwa, na hata hivyo Desemba 2023 boti ya kubebea vifaa ikavunja matumbawe kwenye majaribio, wakapaza sauti tena. Wanamichezo nao wakalazwa kwenye meli badala ya kujengewa majumba kijijini. Na mashindano yakafanyika, medali ya dhahabu ya wanaume ikachukuliwa na kijana wao wa Tahiti, Kauli Vaast. Hawakukataa wala hawakusema ndiyo kwa kila kitu.

Kwa hiyo jamaa wa vinywaji wakija, msianze na pesa. Anzeni na siku. Jumapili hapana, Coco Jumapili watu wamejaa hata bila bonanza. Chagueni siku ya katikati ya wiki au Jumamosi asubuhi, mkiangalia maji, yawe yanajaa, na muwaambie nyie ndo mtawaambia saa, siyo wao wawapangie kwa ratiba ya kamera. Kisiwa cha Oahu, Hawaii, ambako kuna baadhi ya mawimbi maarufu zaidi duniani, mamlaka ya mji wa Honolulu inatoa vibali vichache vya mashindano kwa msimu ili wenyeji wabaki na siku zao, na kampuni kubwa zinatii. Yenu itashindwaje?

Pili, sehemu za Kigamboni mnazokwenda nyie zisionekane kabisa. Coco inajulikana tayari, hamna cha kuficha, tangazo lifanyike pale. Kule kwingine msirushe droni, msiweke lokesheni, na hilo linaanza na simu zenu wenyewe, nimeshaona klipu zenu.

Tatu, na hili msilegeze hata kidogo, malipo yaje KABLA, na yaje kwa kitu kinachobaki. Bodi za sponji, siyo za fiberglass, maana sponji ikimgonga mtu anapata nundu badala ya nyuzi. Mafunzo ya uokoaji kwa watu wanne au watano wa kundi lenu, na wawili kati yao wawe wasichana, kwa sababu wasichana watakuja na mama zao watataka kumuona mwanamke pale. Bendera mbili za kugawa eneo la kuogelea na eneo la bodi. Ubao mkubwa wenye sheria kwa Kiswahili: wimbi moja mtu mmoja, aliye karibu zaidi na linapovunjikia ndo mwenyewe, usidandie wimbi la mwenzako, ukiwa unaelekea nje zunguka usipite katikati ya wanaoshuka, shika bodi yako. Neno kudandia kila mtu wa Dar analijua, halihitaji darasa. Kampuni ikisema bajeti ya hivyo vitu haipo lakini ya mtelezaji kutoka nje na tiketi yake ipo, basi mmeshajua mnaongea na nani.

Na huyo mtelezaji akija, mpeni kazi. Asije kupiga picha na kuondoka, akae siku mbili anawafundisha hao watakaofundisha wengine. Wengi wao ni watu wazuri, wanapenda bahari kama sisi, wakiombwa wanafanya, tatizo huwa hawaombwi.

Nendeni serikali ya mtaa, nendeni kwa wavuvi na viongozi wao wa BMU, ile kamati yao ya kusimamia uvuvi ufukweni, kabla kampuni haijakwenda, mkawasalimie, mkawaulize siku zipi wanatandaza nyavu. Ongeeni na kina mama na kaka wa muhogo pia. Nyie ni 15, wao wapo pale kila siku ya Mungu, jua na mvua, na mtu akizama wao ndo wanaona kwanza.

Kama mtanikubalia, mimi nipo tayari kukaa na nyie kwenye hicho kikao na kampuni, sitaki hata nauli. Jumamosi hii nitakuwa Coco kuanzia saa 12 asubuhi, kwenye ile minazi ya upande wa kusini, njooni na karatasi waliyowapa tuisome mstari kwa mstari, na yule mwenzenu anayepinga zaidi kuliko wote mje naye, huyo ndo nataka akae karibu yangu.